Kumuuza Mchezaji Chipukizi

Kila mwaka, dirisha la usajili linapofunguliwa, swali moja hurudi katika vijiwe vya kahawa na katika ofisi za klabu za mpira wa Afrika Mashariki. Kijana aliyeanza kung'ara msimu uliopita, na ambaye sasa anatakiwa na klabu ya nchi nyingine, auzwe au asiuzwe? Wasemao auzwe huonyesha madeni ya klabu na fedha iliyowekwa mezani. Wasemao asiuzwe huonyesha kombe lililo mbele na uchache wa wachezaji wa namna yake. Kila upande una haki kiasi, na kwa sababu hiyo ubishi wao hauishi. Lakini pande zote mbili huanzia mahali pasipofaa, maana huuliza klabu itapata nini kabla ya kuuliza klabu ina nini cha kuuza.

Neno lenyewe lataka kutazamwa. Katika pwani hii kuuza mtu si neno jepesi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi chini ya shuruti ya Waingereza, na mahali hapo pa Mkunazini leo pana kanisa. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wangali wakiishi mitaa ile ile, wakioana na kuzikana. Hata hivyo watu wenye kumbukumbu hiyo husema bila kusita kwamba klabu fulani imemuuza fulani, tena husema kwa furaha ikiwa bei ni kubwa. Lugha ina maneno mengine yaliyo karibu: kuhamisha, kusajili, kutoa kwa mkopo. Hili la mwisho nalo lina kichekesho chake, maana mchezaji atolewaye kwa mkopo huonekana kama sufuria iliyoazimwa na jirani kwa ajili ya shughuli, itakayorudishwa ikiwa imesuguliwa au ikiwa imetoboka.

Kama neno lingekuwa sahihi, jambo lenyewe lisingeweza kutetewa. Haliko hivyo. Klabu haina mtu. Ina mkataba, na mkataba una mwisho. Kanuni za FIFA haziruhusu, kwa kawaida, mkataba wa mchezaji upite miaka 5, na wa aliye chini ya miaka 18 haupiti miaka 3. Tangu shauri la Bosman lilipokatwa katika mahakama ya Ulaya mwezi wa Desemba 1995, mpira wa dunia ulikubali pole pole kwamba mkataba ukiisha mchezaji huenda atakako bila klabu yake ya zamani kudai kitu. Akibakiwa na miezi 6 aweza hata kutia sahihi na klabu nyingine huku akiendelea kuichezea ile ya kwanza. Tena hakuna uhamisho wowote uwezao kutimia bila kalamu ya mchezaji mwenyewe. Klabu inaposema inamuuza kijana, kweli yake ni kwamba inakubali kusamehe muda uliobaki, kwa fedha, na kijana anaridhia.

Ridhaa hiyo ndiyo inayoitenga biashara hii na ile ya Mkunazini, na popote inapokosekana neno la kale hurudia maana yake. Lakini jambo la pili ni la hesabu, nalo husahauliwa na mashabiki zaidi ya lile la kwanza. Bidhaa ya klabu ni muda, na muda huyeyuka. Kijana wa miaka 20 mwenye miaka 3 katika mkataba na kijana huyo huyo mwenye miezi 5 wana miguu ile ile, jicho lile lile la bao, na bei mbili zisizofanana hata kidogo. Basi asemaye "asiuzwe" hana budi aseme na la pili: apewe mkataba mpya wenye mshahara mpya. Asiposema hivyo, anachosema hasa ni kwamba kijana acheze mwaka mmoja zaidi kisha aondoke bure. Wanachama wengi hupiga makofi katika mkutano kwa kauli ya kwanza, kisha huwalaani viongozi kwa matokeo yake.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mbwana Ally Samatta. Alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1992, akakulia Mbagala, akajulikana katika klabu ya African Lyon, ambayo hapo awali ilikuwa ikiitwa Mbagala Market. Simba ilimchukua mwaka 2010 na haikukaa naye hata miaka miwili. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Mazembe hiyo ilikuwa bingwa wa bara mwaka 2009 na mwaka 2010, na mwezi wa Desemba 2010 ilikuwa imefika fainali ya klabu bingwa za dunia kule Abu Dhabi, jambo ambalo klabu ya Afrika ilikuwa haijalifanya, ingawa Inter ya Milan iliifunga mabao 3 kwa bila. Simba ilitolewa uwanjani. Lakini wenyeji wa Lubumbashi walikuwa wamemwona kijana wa miaka 18 asiyeogopa jina la mtu, na kabla mwaka haujaisha alikuwa wao.

Shabiki wa Simba aliyehuzunika siku zile alikuwa na haki yake. Amemwona kijana kwa miezi michache tu, amejifunza namna anavyogeuka akiwa na mpira, amempa jina la utani, na sasa kijana huyo anavaa jezi ya waliowatoa mashindanoni. Ni uchungu wa namna ya peke yake kuona ulichokipenda kikichukuliwa na aliyekushinda. Hesabu ya fedha haiuondoi uchungu huo, wala kiongozi mwenye busara hajaribu kuwaambia watu kwamba haupo.

Walakini yaliyofuata yanastahili kukumbukwa kwa utaratibu, maana mara nyingi husimuliwa kwa haraka kama hadithi ya bahati. Msimu uliofuata, wa 2011/12, Simba bila Samatta ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara, na mwezi wa Mei 2012 iliifunga Yanga mabao 5 kwa bila, matokeo ambayo watu wa Jangwani hawapendi kutajiwa hadi leo. Klabu, basi, haikufa kwa kuondoka kwa kijana mmoja. Naye kijana hakupelekwa Ulaya akiwa mbichi. Alikwenda Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho kisemwacho sokoni na barabarani, ingawa Kiswahili chake kina mchanganyiko wake na hakifanani na cha Mbagala. Aliweza kuomba chakula, kutaniana na wenzake, na kuelewa anapogombezwa. Alimkuta huko pia Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Wanaoandika habari za uhamisho hupima uwanja, mshahara na ligi. Ni nadra kupima upweke, nao umewarudisha nyumbani vijana wengi kuliko ufupi wa pumzi.

Samatta alikaa Mazembe karibu miaka mitano. Hakukaa katika benchi akingojea. Alicheza, akakosea, akacheza tena, katika klabu iliyozoea michezo mikubwa ya bara. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger katika fainali, naye alikuwa miongoni mwa waliomaliza mashindano wakiongoza kwa mabao. Mwezi wa Januari 2016, katika sherehe iliyofanyika Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wachezao ndani ya bara. Mwezi huo huo wa Januari alikwenda Genk, Ubelgiji. Mwaka 2019 Genk ikawa bingwa wa nchi hiyo huku yeye akifunga mabao 23 katika ligi. Mwezi wa Novemba mwaka huo akaifunga Liverpool katika uwanja wake wa Anfield. Na mwezi wa Januari 2020 Aston Villa ikamchukua, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Lililo muhimu katika safari hiyo ni urefu wa ngazi. Kutoka Mbagala hadi Birmingham ni miaka tisa na vituo vitatu, na kila kituo kilikuwa juu kidogo tu ya kile kilichotangulia. Kama Simba ingemkatalia Mazembe mwaka 2011 kwa kutaka bei ya klabu ya Ulaya, yamkini ingepata makofi ya wanachama na kumpoteza mchezaji. Na kama angepelekwa moja kwa moja katika nchi ya baridi akiwa na miaka 18, akakaa katika chumba cha ghorofa akingojea kuitwa, huenda leo jina lake lingetajwa na watu wa Mbagala peke yao. Klabu iliyoulizwa kama kijana auzwe ilipaswa kuuliza pia: kwa nani, na atacheza mara ngapi?

Si kila mauzo yana baraka hiyo. Emmanuel Okwi wa Uganda, aliyezaliwa mwezi na mwaka ule ule wa Samatta, alikuwa miongoni mwa wafungaji wa siku ile ya mabao 5. Mwezi wa Januari 2013 Simba ilimuuza kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa bei iliyotangazwa kuwa dola 300,000, fedha nyingi kwa klabu ya Tanzania ya wakati ule. Tangazo lilikuja upesi; fedha haikuja. Mchezaji naye akaingia katika mgogoro wa malipo na klabu yake mpya, akarudi kwao Uganda kuichezea SC Villa kwa muda, na shauri la deni likapelekwa FIFA. Kabla ya mwaka 2013 kwisha Okwi alikuwa amesajiliwa na Yanga. Simba, basi, ilikuwa imempoteza mshambuliaji wake, haijapokea bei yake, na sasa ilikuwa ikimtazama katika jezi ya kijani na njano. Itakumbukwa pia kwamba baada ya ubingwa ule wa 2012 Simba haikuupata tena hadi msimu wa 2017/18. Haitakuwa haki kuutwika ukame huo wote juu ya mauzo moja, lakini si haki pia kuyasahau.

Tofauti ya habari hizi mbili haiko katika kipaji cha vijana wenyewe. Iko katika karatasi, na katika hali ya muuzaji. Klabu yenye mishahara iliyochelewa huuza kwa mkono unaotetemeka. Haidai malipo yatangulie, haiulizi mnunuzi ana sifa gani ya kulipa, haina subira ya kuandika sharti la kupata sehemu ya fedha ikiwa kijana atauzwa tena. Mnunuzi aliyezoea soko huisikia harufu ya njaa hiyo kutoka mbali, naye hukawia makusudi hadi siku za mwisho za dirisha. Na fedha ikija kulipa mishahara ya wakubwa waliokwisha kupita umri wao, klabu imekula mbegu. Mwaka ujao haina cha kupanda wala cha kuuza.

Upande wa pili wa jambo hili, yaani kumshika kijana asiyetaka kushikwa, ulionekana kwa Yanga na kiungo Feisal Salum wa Unguja. Mwezi wa Desemba 2022 mchezaji huyo alitangaza kwamba anaondoka, hali mkataba wake haujaisha. Klabu ilisimama juu ya mkataba, na kamati ya shirikisho la mpira ikaikubalia kuwa angali mchezaji wake. Kwa sheria Yanga ilikuwa na haki. Lakini miezi ilipita. Mchezaji hakucheza, klabu haikumtumia, na nchi nzima ikawa wanasheria. Ilifika hadi Rais Samia Suluhu Hassan, alipoialika Yanga Ikulu mwezi wa Juni 2023, kuwaomba viongozi walimalize jambo hilo. Likamalizwa mwezi huo huo kwa Feisal kuhamia Azam, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 katika ligi.

Watu wamelihukumu jambo hilo kwa rangi za jezi zao, na hapana haja ya kurudia hukumu hizo. La kuangalia ni kiasi cha muda. Maisha ya mcheza mpira ni kama miaka 15 ikiwa Mungu amemjalia magoti mazuri, na nusu mwaka katika hiyo si kitu kidogo; ni kama mwalimu kufungiwa darasa kwa karibu mwaka mmoja na nusu katika utumishi wake wa miaka 40. Haki ya klabu ilikuwa kulipwa, siyo kukaa na mtu. Klabu ikishika mkataba kwa ajili ya bei, inafanya biashara. Ikishika mkataba kwa ajili ya kukomoa, hapo ndipo mzee wa pwani anapoanza kulisikia tena lile neno la Mkunazini. Ni kweli pia kwamba kijana atiaye sahihi leo na kuiona kesho kuwa si kitu huiharibia njia kila kijana ajaye nyuma yake.

Genk, klabu ile ile iliyomchukua Samatta, yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa imeifanya kazi ya kuuza vijana kuwa ufundi. Thibaut Courtois alitoka hapo mwaka 2011. Kevin De Bruyne aliuzwa kwa Chelsea mwezi wa Januari 2012, lakini akaachwa Genk hadi msimu ulipokwisha: klabu ilipata bei na bado ikamaliza ligi na mchezaji wake. Wilfred Ndidi wa Nigeria alikwenda Leicester mwezi wa Januari 2017, Leandro Trossard akaenda Brighton mwaka 2019. Mji wa Genk ni mdogo, mji wa zamani wa machimbo ya makaa ya mawe, na hauwezi kushindana kwa mishahara na London. Unajua hivyo, na haujidanganyi. Kila anapouzwa mmoja yuko mwingine aliyekwisha kucheza nusu ya michezo nyuma yake. Walakini hata hapo bei hulipwa: baada ya ubingwa wa 2019 na mauzo yaliyofuata, Genk haikuutetea ubingwa wake, ukaenda Club Brugge. Anayetaka kuuza na kutwaa kombe mwaka huo huo anataka mambo mawili ambayo hata wenye ufundi hawayapati daima.

Hapa nyumbani yako malipo ambayo hayamlazimu mtu kuchagua, nayo hupotea zaidi kwa uvivu kuliko kwa hila. Kanuni za FIFA zimeweka kwamba mchezaji anapohamishwa kwa bei kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika 100 za bei hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi mwaka wa kutimiza miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo ya moja katika 100. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya moja katika 100. Chukua bei ya dola 10,000,000. Klabu ya mtaani iliyomlea kijana misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, ina dola 100,000 zake. Klabu kubwa iliyokaa naye msimu mmoja alipokuwa na miaka 18 ina dola 50,000. Na haki hii hairudii mara moja: huhesabiwa upya kila anapouzwa namna hiyo, hata akiwa na miaka 30. Kuna na fidia ya malezi, ambayo hudaiwa hadi mwaka anaotimiza miaka 23.

Kwa hiyo klabu ndogo huuza kijana kwa namna fulani hata ikiwa haikukaa mezani siku ya mauzo. Inachotakiwa kuwa nacho ni uthibitisho kwamba kijana alisajiliwa kwake, lini, na hadi lini. Tangu mwezi wa Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA, kinachokusanya kumbukumbu za usajili kutoka katika vyama vya nchi na kumtengenezea mchezaji pasipoti ya malezi yake. Zamani katibu wa klabu ndogo ilimpasa agundue mwenyewe kwamba kijana wake ameuzwa Ulaya, kisha aandike barua za kudai. Sasa mashine humtafuta, mradi jina liwe limeandikwa mahali.

Ndipo taabu ilipo. Vijana wengi wa Mbagala, wa Kariobangi, wa Ng'ambo, huanzia chandimu katika timu za mtaa zisizosajiliwa na chama chochote. Mlezi wao ni kinyozi, au fundi magari, au mwalimu mstaafu mwenye filimbi na mpira mmoja ulioshonwa mara tatu. Anajua nani ana mguu wa kushoto na nani hajala tangu asubuhi. Anawanunulia maji kwa fedha yake. Kijana mmoja akipata klabu ya ligi, huondoka bila barua, na mlezi huona fahari na kuanza na mwingine. Miaka kumi baadaye kijana huyo akihamishwa kwa mamilioni, pasipoti yake huanza na klabu ile ya ligi, akiwa na miaka 17, na misimu mitano ya nyuma yake ni tupu. Mtaa mzima waweza kutoa ushahidi kwamba alicheza pale, kwa filimbi ya nani, na alivunja dirisha la nani. Chombo cha FIFA hakisikilizi ushahidi wa mtaa. Kinataka jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kusajiliwa na muhuri wa chama, na chama cha mpira cha wilaya kina fomu za kazi hiyo.